Pesa ni Yake, Uamuzi Uwe Wake



Wacha nianze na jambo ambalo huenda umeliona mtaani kwenu, hata kama hukulitilia maanani. Ramadhani moja, gari mbili zilisimama karibu na msikiti wetu hapa Kisauni. Bango likatundikwa, viti vya plastiki vikapangwa, wapiga picha wakajiweka sawa. Wageni wa heshima walikuwa wamekuja kugawa viti vya magurudumu. Kijana mmoja wa hapa mtaani, wa miaka ishirini na kitu, akaitwa jina, akasukumwa mbele, akakabidhiwa kiti kipya, akapigwa picha. Tukaitikia takbir, kila mtu akaenda zake kungoja futari.

Nilimtembelea baada ya Idi. Kiti kipya kilikuwa barazani kimefunikwa shuka. Ni cha tatu hicho. Hakipiti kwenye mlango wa chumba chake, na yale magurudumu madogo ya mbele yanazama mchangani kabla hujaifikia lami. Nikamuuliza, "Ndugu yangu, kwani wewe mwenyewe ulikuwa unataka nini?"

Akacheka. "Hilo swali, wallahi, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Alichotaka ni hiki. Alikuwa amepata nafasi katika chuo kimoja cha ufundi, asomee kutengeneza simu, siku tatu kwa wiki. Alihitaji nauli ya tuktuk, na alihitaji mtu wa kumsaidia asubuhi kuoga, kuvaa na kupanda, manake mamake mgongo umeanza kumsumbua na hawezi tena kumbeba. Basi. Hakuhitaji kiti cha tatu. "Hiki kiti," akaniambia, "bei yake ningesoma muhula mzima."

Ndugu msomaji, pale barazani huruma ilikuwepo, pesa zilikuwepo, hata nia njema ilikuwepo. Kilichokosekana ni kimoja: mwenye shida hakuwa na sauti juu ya pesa zilizotumika kwa jina lake. Leo nataka tuzungumze hilo. Nani anashika pesa? Nani anaamua?

BAJETI YA MTU MWENYEWE NI NINI?

Kuna nchi ambazo zimejibu swali hili kwa njia ambayo sisi huku hatuizungumzii sana. Wanaita kwa majina tofauti, lakini maana ni bajeti binafsi: pesa za msaada zinatengwa kwa jina la mtu mmoja mmoja mwenye ulemavu, na yeye ndiye anayeamua zitumike vipi.

Kwa maneno mepesi, mambo huenda hivi. Kwanza anakaa na mtathmini na kueleza maisha yake yalivyo na anavyotaka yawe. Pili, mahitaji yale yanageuzwa kuwa hesabu: saa ngapi za msaidizi, nauli kiasi gani, vifaa gani. Tatu, anaandika mpango wake. Nne, pesa zinaingia kwenye akaunti yake, au ya mtu aliyemchagua mwenyewe, au zinashikwa na taasisi inayolipa kwa maagizo yake. Tano, anaweka risiti, na baada ya muda mpango unapitiwa upya.

Umeona tofauti? Msaidizi akichelewa kila siku, au akiwa na mdomo mchafu, mwenye ulemavu anaweza kumwachisha na kutafuta mwingine. Yeye ndiye mwajiri. Hangoji mtu wa ofisini amkumbuke, wala haombi radhi kwa kuwepo duniani.

HAIKUTOKA MBINGUNI, ILIPIGANIWA

Usidhani serikali za Ulaya ziliamka asubuhi moja zikawa na huruma. Hapana. Watu wenye ulemavu wenyewe ndio waliolazimisha jambo hili.

Mchukue Adolf Ratzka, Mjerumani. Mwaka 1961, akiwa na miaka 17, alipata polio. Akakaa hospitalini Munich miaka mitano, si kwa sababu alikuwa bado mgonjwa, ila kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo angepata mtu wa kumsaidia. Mwaka 1966 alikwenda kusoma chuo kikuu Los Angeles, na serikali ya jimbo lake la Bavaria ikakubali kumlipia wasaidizi. Pesa zikawa mikononi mwake. Akaajiri wanafunzi wenzake, akawafundisha kazi, akawapangia saa. Yule yule aliyekuwa kitandani wodini akawa mwanafunzi kama wengine. Mwili wake haukubadilika. Kilichobadilika ni nani anashika pesa.

Baadaye alihamia Sweden, na mwaka 1984 yeye na wenzake wakaanzisha ushirika Stockholm kudai utaratibu huo kwa watu wote wenye mahitaji makubwa. Waliambiwa haiwezekani. Kufikia Januari 1994, msaidizi binafsi alikuwa haki ya kisheria Sweden.

Uingereza nako, kundi la wakazi wa nyumba moja ya kutunzia watu wenye ulemavu kule Hampshire, akiwemo John Evans, walichoka kuamshwa na kulazwa kwa ratiba ya wafanyakazi. Wakaanzisha mpango waliouita Project 81, kwa sababu 1981 ulikuwa mwaka wa kimataifa wa watu wenye ulemavu. Hoja yao ilikuwa rahisi: serikali inalipa pesa nyingi kutuweka humu, sasa pesa hizo tupeni sisi tukaishi majumbani kwetu na wasaidizi tunaowachagua. Kikwazo kikawa sheria ya 1948, iliyokataza halmashauri kuwapa pesa taslimu. Wakazunguka, pesa zikawa zinapitia mkono wa tatu. Walihama mmoja mmoja, wakathibitisha kuwa inawezekana, na mwaka 1996 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuruhusu malipo ya moja kwa moja. Sheria ya 2014 ikaenda mbele zaidi: kila anayestahili huduma lazima ajulishwe bajeti yake ni kiasi gani.

Australia walianzisha mpango wao wa bima ya ulemavu kwa sheria ya 2013, baada ya kampeni kubwa ya watu wenye ulemavu, familia zao na wahudumu. Leo una zaidi ya watu 600,000, kila mmoja na mpango wake.

Kwa hivyo tusiambiane ati hili ni jambo la nchi tajiri tu. Utajiri unasaidia, sawa. Lakini hata huko utajiri ulikuwepo miaka mingi bila haki. Haki ilikuja watu walipokataa kunyamaza.

SISI TUKO WAPI?

Turudi nyumbani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, afike mahali pa umma na apande usafiri wa umma, apate vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vya ulemavu wake. Kifungu cha 43 kinasema serikali itampa hifadhi ya jamii yule asiyeweza kujikimu. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kwa kifungu cha 2(6) cha Katiba, mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria ya nchi. Kifungu cha 19 cha mkataba huo kinataja wazi haki ya kuchagua uishi wapi na na nani, na haki ya kupata msaidizi binafsi. Na mwaka 2025 tukapata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, ikachukua nafasi ya ile ya 2003.

Kwenye karatasi tuko vizuri mno. Sasa njoo mtaani.

Kitu kilicho karibu zaidi na bajeti binafsi hapa kwetu ni Inua Jamii, ile sehemu ya watu wenye ulemavu mkubwa iliyoanza 2011. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiwango hicho kimekaa palepale zaidi ya miaka kumi, huku unga, mafuta na nauli vikipanda. Na zikichelewa, familia inakopa dukani.

Siidharau 2,000. Kuna nyumba naijua, pesa hizo zikiingia ndipo mtungi wa gesi unajazwa. Lakini hebu tuuangalie utaratibu wenyewe, manake una kasoro tatu ambazo kuongeza pesa peke yake hakutaziondoa.

Kasoro ya kwanza: pesa ni za nyumba, si za mtu. Mpango unalenga anayehitaji kutunzwa muda wote, na mara nyingi mtunzaji ndiye anayepokea. Mtunzaji akiwa mama mwenye imani, alhamdulillahi. Akiwa mjomba mwenye madeni, nani atajua? Mwenye ulemavu mwenyewe huenda hata hajui kuna pesa zinakuja kwa jina lake.

Kasoro ya pili: kiwango ni kimoja kwa wote, kama kwamba ulemavu ni mmoja. Chukua yule kijana wangu. Tuktuk tuseme 150 kwenda na 150 kurudi, siku tatu kwa wiki: hiyo 900 kwa wiki, 3,600 kwa mwezi. Msaidizi wa asubuhi, tuseme 200 kwa siku, siku hizo tatu: 600 kwa wiki, 2,400 kwa mwezi. Jumla 6,000. Sasa mchukue dada kiziwi ambaye shida yake kubwa ni mkalimani wa lugha ya ishara anapokwenda kliniki. Yeye huenda akahitaji pesa mwezi huu na mwezi ujao asihitaji kitu. Kisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo, anayehitaji nepi na mazoezi ya viungo kila wiki. Watu watatu, hesabu tatu. Ukiwapa wote 2,000 utakuwa umewagawia sawa, lakini hujawatendea haki.

Kasoro ya tatu, na hii ndiyo inayoniuma: kijana ambaye anaweza kuongea, kusoma na kufanya kazi, lakini hawezi kuvaa suruali peke yake, anaambiwa ulemavu wake si "mkubwa" wa kutosha. Yaani mpaka ushindwe kabisa ndipo usaidiwe. Ukisaidiwa kidogo ungefanikiwa, lakini kidogo hicho hupewi. Ni hesabu gani hiyo?

Sensa ya 2019 iliwahesabu watu wenye ulemavu kuwa karibu 900,000, yaani asilimia 2.2 ya walio na miaka 5 na zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa duniani kote ni asilimia 16. Pengo hilo linatueleza kitu. Ama sisi Wakenya tumejaliwa sana, ama kuna ndugu zetu wengi wako vyumba vya ndani na hakuna aliyewahesabu. Wewe unajua lipi ni kweli. Unajua nyumba ambayo mgeni akija, mlango fulani unafungwa.

NAJUA UTASEMA NINI

Utasema: watakula pesa. Sawa, tuseme kuna atakayekula. Kwani pesa za barabara haziliwi? Za dawa je? Mbona hatukusema hospitali zifungwe? Australia waliona ulaghai pia, hadi mwaka 2022 serikali ikaunda kikosi maalum cha kupambana nao. Na kazi ya kikosi hicho imekuwa kuwafuata watoa huduma, makampuni yanayodai malipo ya kazi ambayo hayakufanya. Dawa ya wizi ni risiti na ukaguzi. Kumnyang'anya mwenye haki uamuzi si dawa.

Utasema: wengine akili zao haziruhusu. Ni kweli wako wanaohitaji kusaidiwa kuamua. Lakini kumsaidia mtu kuamua ni tofauti na kumwamulia. Hata yule asiyeongea ana njia ya kukuonyesha anayempenda na anayemwogopa, chakula anachokitaka na anachokitema. Australia wameweka njia tatu: mtu asimamie pesa mwenyewe, asaidiwe na msimamizi wa hesabu, au wakala wa serikali alipe kwa niaba yake. Anaweza hata kuchanganya. Uamuzi wa maisha unabaki wake.

Utasema: sisi Waislamu, sisi watu wa Pwani, tunatunzana, hatuhitaji serikali ilipe mtu kumwosha ndugu yetu. Hapa naomba tuambiane ukweli. Ukisema "tunatunzana," ni nani hasa anayetunza? Ni mama. Ni dada aliyeacha shule. Ni nyanya wa miaka sitini anayembeba mjukuu wa miaka kumi na sita. Wewe na mimi tunaingia, tunasalimia, tunasema "Mungu atamlipa," tunatoka. Mungu atamlipa, inshallah, lakini mgongo wake nani atamtibia? Bajeti inayoweza kumlipa msaidizi, hata saa mbili kwa siku, ni haki ya mama pia.

Utasema: serikali haina pesa. Hili ndilo zito, na silifichi. Australia mpango wao sasa unagharimu zaidi ya dola bilioni 40 za kwao kwa mwaka, na wanahangaika jinsi ya kuudhibiti. Uingereza walikuwa na mfuko maalum, uliosaidia watu wapatao 18,000 wenye mahitaji makubwa kuishi majumbani kwao. Juni 2015 ukafungwa, watu wakasukumwa kwa halmashauri ambazo zenyewe zilikuwa zimekatwa bajeti. Funzo ni hili: neno tamu la "uchaguzi" linaweza kutumiwa kufunika upunguzaji wa pesa. Mtu anaambiwa, haya, bajeti ni yako, amua mwenyewe, kumbe aliyopewa haitoshi hata nusu ya mahitaji yake. Hapo hawakumpa uhuru, wamemtwisha lawama.

Kwa hivyo tusidai kunakili Australia kesho asubuhi. Tudai mwanzo mdogo na wa kweli: kaunti moja, watu wachache, tathmini ya uhakika, pesa kwa simu ya mwenyewe, risiti, na ripoti ya wazi kwa umma. M-Pesa tunayo mpaka vijijini. Nchi nyingi zilianza bila kitu kama hicho.

DINI YETU INALIJUA JAMBO HILI

Tunamtaja sana Ibn Umm Maktum tunapotaka kusema Uislamu unawaheshimu wasioona. Tunasimulia Surat Abasa ilivyoshuka, kisha tunaishia hapo. Lakini tukumbuke pia kwamba sahaba huyo alikuwa muadhini, na Mtume (SAW) alimwachia Madina zaidi ya mara moja alipotoka safarini. Aliaminiwa na mji mzima. Sisi tunashindwa kumwamini mwenzetu na shilingi 2,000?

Tabari, katika historia yake, anaeleza kuwa Khalifa al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala kuanzia 705 hadi 715, aliwapangia wenye ukoma posho ili wasiombe, akampa asiyeweza kutembea mtumishi na asiyeona wa kumwongoza. Msaidizi binafsi, kutoka hazina ya umma, miaka 1,300 iliyopita. Kumbe si jambo geni kwetu, ni jambo tulilolisahau.

Na zaka je? Wanazuoni wanafundisha kuwa fungu la fakiri na maskini ni la kumilikishwa: likishafika mkononi mwake ni mali yake, hatusimami mlangoni kumpangia anunue mchele au sukari. Si kila mwenye ulemavu ni fakiri, tusiwakosee. Lakini yule anayestahiki, mbona tunampa mfuko wa unga na picha juu, badala ya kumpa chake akaamua?

TULIJARIBU SISI WENYEWE

Baada ya mazungumzo yale ya barazani, vijana sita tukakubaliana kuchanga 1,000 kila mmoja kwa mwezi. 6,000 zikaenda moja kwa moja kwenye simu ya yule ndugu yetu. Sharti moja tu: aandike kwenye daftari.

Mwezi wa pili kukazuka kelele. Mmoja wetu alimkuta na seti mpya ya bisibisi za simu. "Sisi tumempa nauli, yeye ananunua vifaa!" Tukaenda kuuliza, na nakiri tulikwenda na nyuso za ukaguzi. Akatufungulia daftari. Alikuwa amezungumza na dereva mmoja wa tuktuk ambaye kila asubuhi hupita njia ile ile, wakakubaliana 2,800 kwa mwezi badala ya 3,600. Zile 800 zilizobaki ndizo alizonunulia bisibisi. Tulitoka kimya. Hakuna hata mmoja kati yetu sita aliyewahi kufikiria kuzungumza na dereva.

Lakini sikiliza na upande wa pili, manake hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mwezi wa nne mmoja wetu alipoteza kazi. Mwezi wa tano mwingine akaoa. Mchango ukashuka hadi 4,000, kisha 3,000. Siku mbili kwa wiki badala ya tatu. Hakutulalamikia, na hilo ndilo lililonitia aibu zaidi, kwa sababu hakuwa na haki ya kutulalamikia. Sadaka ni hiari yetu. Ikipungua, anasema ahsante. Haki ikipungua, anakwenda mahakamani.

Ndiyo maana hatuwezi kuishia kwenye mchango. Mchango umetuonyesha kuwa inawezekana. Bajeti ya umma ndiyo itakayolifanya lidumu.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Moja. Muulize. Kabla ya kununua, kuchanga au kuposti, muulize mwenyewe anataka nini. Ongea naye yeye, si anayemsukuma.

Mbili. Msaidie kujiandikisha. Tathmini hufanywa hospitali ya serikali, kisha anasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Bila usajili huo milango mingi imefungwa. Foleni ni ndefu, fomu zinachosha. Wewe unayejua kutumia simu, keti naye, mjazie, msindikize.

Tatu. Jua kalenda ya bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kaunti inatakiwa iwe na mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, ipeleke mwelekeo wa sera za fedha kwa bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ukija kulia Juni, pesa zimeshagawanywa. Katiba inataka maoni ya wananchi yasikizwe, kwa hivyo kikao kikitangazwa, usiende peke yako. Nenda na wenye ulemavu wenyewe, waseme. Kikao kikiwa ghorofa ya pili bila njia ya kupanda, hilo lenyewe ni lalamiko la kwanza, liandikwe.

Nne. Uliza kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Uliza: kaunti yetu ilitenga kiasi gani kwa watu wenye ulemavu? Ngapi zilitumika? Ngapi zilimfikia mtu, na ngapi zilinunua viti vya plastiki, bango na chai ya wageni?

Tano. Kwa kamati za misikiti: jaribuni kwa zaka na sadaka zenu. Watu watatu tu, mwaka mmoja, pesa mkononi, daftari, bila picha. Kisha mtueleze mlichojifunza.

Yule ndugu yetu bado anasoma, siku mbili kwa wiki. Jioni anatengeneza simu hapo barazani, na lile jiti la magurudumu la tatu limepata kazi hatimaye: wateja wanaongojea simu zao ndio wanaolikalia. Juzi nilikalia mimi, akanitengenezea sehemu ya chaji, nikataka kumwachia chenji. Akanirudishia.

"Bei ni 300," akasema. "Ukitaka kunisaidia, twende sote kwenye kile kikao cha bajeti."

Tunakwenda. Na wewe je?